Askofu Festo Kivengere: Alisamehe, Lakini Hakunyamaza



Katika kijitabu hiki mtapata ratiba ya siku, historia ya kwaya yetu na majina ya waliotutangulia. Kurasa hizi chache tumezitenga kwa maisha ya mtu ambaye hakuwa mwanakwaya wetu wala hakuishi katika mitaa yetu, ila wazee wa kanisa wanalijua jina lake vizuri. Huyu ni Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Alifariki hapa Nairobi tarehe 18 Mei 1988, wakati wengi wa waimbaji wetu wa leo walikuwa hawajazaliwa.

Tumemchagua kwa sababu neno kuu la Jubilii yetu ni upendo, na sisi waimbaji tunajua kwamba upendo ni wimbo mwepesi mpaka mtu akuumize. Kivengere aliumizwa na mtawala mwenye jeshi, naye akampenda. Hata hivyo, hakuwahi kuuita uovu wa mtawala huyo kwa jina jingine. Mambo hayo mawili aliyashika pamoja hadi kufa kwake, na hilo ndilo tungependa kila msomaji aondoke nalo leo.

Mchunga ng'ombe aliyekuwa mwalimu

Festo Kivengere alizaliwa mnamo mwaka wa 1919, kusini magharibi mwa Uganda, katika jamii ya wafugaji. Ukoo wake ulikuwa wa watawala, lakini utoto wake ulikuwa wa kuchunga ng'ombe kama watoto wengine wa huko. Injili ilifika kijijini kwao kwa mdomo wa mwinjilisti Mwafrika, na ilipokuja shule, Festo alishika kusoma haraka. Akaendelea hadi akasomea ualimu.

Aliporudi kufundisha Rukungiri, imani ilikuwa imempotea. Alikuwa mwalimu kijana mwenye kalamu mfukoni na pombe kichwani, na watu wa kanisa walimchosha. Zaidi ya wote walimchosha wale walioitwa Balokole, yaani waliookoka.

Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa imeshika moto wa uamsho. Moto huo uliwashwa kati ya Rwanda na Uganda tangu mwaka wa 1929, pale Simeoni Nsibambi, Mwafrika wa Buganda, na daktari Mwingereza Joe Church walipokutana Kampala wakaomba na kusoma Neno pamoja. Kufikia mwaka wa 1937 ulikuwa umefika Kabete, hapa karibu na Nairobi. Ule wimbo wa Tukutendereza ambao huanza wenyewe katika ibada zetu, kabla hata mwalimu wa kwaya hajatoa sauti, ni wa Kiganda, nao ulitufikia kwa njia hiyo ya uamsho.

Ndugu hao walikuwa na desturi moja iliyowasumbua majirani. Mtu akiokoka, hakuishia kutubu mbele za Mungu. Alitoka akaenda kwa waliomkosea na kwa wale aliowakosea yeye. Aliyeiba alirudisha. Aliyesengenya alikwenda kumwambia aliyesengenywa.

Ndivyo moto ulivyomfikia Festo mwaka wa 1941. Rafiki yake, mwenzake wa starehe, alimjia siku moja akiwa juu ya baiskeli, uso umebadilika kwa furaha. Alimweleza kwamba Yesu amemwokoa, kisha akamwomba msamaha kwa mambo waliyoyafanya pamoja. Festo alibaki amesimama barabarani. Angeweza kubishana na mahubiri, lakini hakujua la kumjibu mtu anayemwomba radhi. Alikwenda nyumbani, akapiga magoti, akasalimu amri.

Deni la kwanza

Baada ya kuokoka, jambo lililomwia gumu kuliko kuacha pombe lilikuwa chuki. Kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyekuwa akimchukia kwa dhati. Tunaelewa kwamba ilikuwa enzi ya ukoloni, na sababu za kumchukia Mzungu hazikuwa adimu. Lakini Festo alijua moyoni kwamba hawezi kuhubiri msalaba huku amemfungia mtu huyo mlango. Alipanda baiskeli, akasafiri maili nyingi hadi kwake, akamwambia kwamba alikuwa akimchukia na kwamba sasa amekuja kama ndugu. Walisalimiana kwa machozi.

Wapendwa, tusipite hapa haraka. Wengi tunaposikia habari za Kivengere tunakimbilia mwaka wa 1977 na Idi Amin. Lakini mtu haanzi kwa kusamehe dikteta. Kivengere alikuwa na miaka zaidi ya 30 ya mazoezi kabla ya siku hiyo, na mazoezi hayo yalianza kwa baiskeli na mtu mmoja aliyemjua kwa jina.

Yalifika hadi jikoni. Mwaka wa 1943 alimwoa Mera, naye akamzalia mabinti wanne. Kisa kimoja alichokisimulia mwenyewe hadharani, bila aibu, ni cha siku aliyogombana na mkewe muda mfupi kabla ya kwenda kuhubiri. Alitoka nyumbani na Biblia yake, na njiani Roho akamsukuma arudi akapatane na Mera. Festo alijitetea kwamba watu wanamngoja kanisani. Jibu alilolipata moyoni lilikuwa kwamba anaweza kwenda kuhubiri akitaka, lakini Bwana mwenyewe atabaki jikoni na mkewe. Festo alirudi jikoni, akaomba msamaha, kisha akaenda kuhubiri. Wakristo wa Afrika Mashariki wamekicheka kisa hicho kwa miaka mingi, kila mtu akijiona ndani yake.

Mwaka wa 1946 Festo na Mera walihamia Tanganyika, wakafundisha Dodoma kwa zaidi ya miaka 10. Kutoka hapo jina lake likasikika mbali. Billy Graham alipozuru Afrika Mashariki mwaka wa 1960, Kivengere alikuwa mkalimani wake. Alisomea theolojia Pittsburgh, Marekani, akahitimu mwaka wa 1967, na mwishoni mwa mwaka wa 1972 akawekwa wakfu kuwa Askofu wa Kigezi, makao yake yakiwa Kabale.

Uwanja wa Kabale

Alipokea fimbo ya uaskofu wakati mbaya. Idi Amin alikuwa amepindua serikali tarehe 25 Januari 1971, na watu walikuwa wameanza kutoweka. Makadirio ya waliouawa katika miaka yake 8 ya utawala yanafika watu 300,000, wa kila kabila na kila dini.

Tarehe 10 Februari 1973, wanaume watatu wa Kigezi waliletwa katika uwanja wa Kabale wapigwe risasi mbele ya umma. Watu walikuwa wameamriwa kuhudhuria. Askofu Kivengere, aliyekuwa na miezi miwili na siku chache tu katika kazi hiyo, aliomba ruhusa ya kusema nao kabla hawajafa, akaruhusiwa. Aliwaendea bila kujua atawaambia nini. Walipogeuka, aliona nyuso zenye amani. Mmoja wao alimweleza kwamba amempokea Yesu, kwamba amesamehewa, na kwamba mkewe apelekewe habari hiyo. Wengine nao walionyesha furaha hiyohiyo.

Kivengere hakuiweka habari hiyo kuwa ya siri kati yake na wafungwa. Aliwageukia askari wenye bunduki akawatafsiria maneno hayo katika lugha waliyoielewa. Askari walishangaa hata wakasahau kuwafunika wafungwa vichwa. Wale watatu waliinua mikono yao yenye pingu wakawapungia watu, na watu wakawapungia. Kisha risasi zikalia.

Tunaona hapa namna ya upendo wake. Aliwahurumia wanaokufa, na aliona pia kwamba wanaoua wanahitaji kusikia Injili kuliko mtu yeyote uwanjani.

Februari 1977

Miaka minne baadaye zamu ilifika kwa maaskofu wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum huko Namirembe, wakamwelekezea bunduki huku wakitafuta silaha. Hawakupata kitu.

Maaskofu wangeweza kusema kwamba wanamsamehe Rais na kunyamaza. Badala yake walikutana wakamwandikia barua ya tarehe 10 Februari, wakieleza kwa heshima na kwa uwazi kwamba watu wanauawa, kwamba askari wamekuwa juu ya sheria, na kwamba nyumba ya Askofu Mkuu imevamiwa. Kivengere alikuwa miongoni mwa maaskofu hao.

Tarehe 16 Februari viongozi wa dini waliitwa Kampala. Silaha zilipangwa mbele yao, ikasomwa taarifa ya kuwashtaki kwa njama, na askari waliokusanywa wakapiga kelele kwamba wauawe. Baadaye wengine waliruhusiwa kuondoka, Luwum akabakizwa. Kivengere na Askofu Silvanus Wani walikaa wakimngoja, wakakataa kuondoka bila yeye, mpaka wakafukuzwa kwa amri. Asubuhi ya pili redio ilitangaza kwamba Askofu Mkuu amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Watu hawakusadiki. Waliouona mwili kijijini kwao Mucwini waliona majeraha ya risasi.

Huko Namirembe kaburi lilikuwa limechimbwa, lakini serikali haikuutoa mwili. Jumapili iliyofuata maelfu walijaa kanisani hata hivyo. Baada ya ibada walisimama kando ya kaburi tupu, na Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha habari ya malaika na wanawake asubuhi ya Pasaka. Watu wakaondoka wakiimba.

Kivengere hakuwepo. Alijua kwamba anayefuata ni yeye, na Wakristo wa Kabale walimsihi aondoke, kwa kuwa askofu mmoja aliyekufa alitosha. Usiku yeye na Mera walisafiri kwa gari hadi njia ilipoishia, wakapanda milima kwa miguu, na kulipopambazuka walikuwa wamevuka kuingia Rwanda. Alikuwa mtu wa miaka karibu 58.

Ijumaa Kuu, London

Sasa tunafika mahali ambapo Kivengere mwenyewe alikuwa mkweli kuliko wahubiri wengi. Uhamishoni, alipokuwa akialikwa kila mahali kueleza mateso ya Uganda, aligundua kwamba moyo wake unakauka. Alimchukia Amin. Uchungu ulikuwa ukimwondolea wimbo, ukimwondolea maombi. Alikuwa na haki yote ya kuchukia kwa kipimo cha wanadamu, maana rafiki yake aliuawa na kondoo wake walitawanywa.

Ijumaa Kuu ya mwaka huo wa 1977 alikuwa amekaa kanisani All Souls, London, yakisomwa mateso ya Bwana. Alisikia jinsi Yesu alivyowaombea msamaha waliokuwa wakimsulubisha, na swali likamjia kama Amin angekuwa mmoja wa wale askari wenye nyundo na misumari, je, ombi lile lisingemhusu? Alijua jibu. Pale pale alikiri chuki yake mbele za Mungu, akaomba apewe neema ya kumsamehe. Alitoka akiwa amepumua.

Mwaka huohuo alitoa kitabu alichokiita kwa Kiingereza I Love Idi Amin, yaani kwamba anampenda Idi Amin. Wakimbizi wengine walikasirika. Walimwona kama anaosha mikono ya muuaji. Lakini aliyesoma ndani alikuta mauaji yameelezwa waziwazi. Mwandishi wa habari mmoja aliwahi kumuuliza angefanya nini kama angekaa meza moja na Amin huku yeye Kivengere ana bunduki mkononi. Alijibu kwamba angemkabidhi Amin bunduki hiyo, amweleze kwamba hiyo ni silaha ya Amin, wala si yake, kwa maana silaha yake ni upendo.

Tunaomba mtu asikose jambo hili. Kivengere alimpenda Amin akiwa ng'ambo ya mpaka. Kusamehe hakukumlazimu kurudi Kampala akamatwe. Aliondoka na mkewe usiku, akaokoa maisha, na msamaha wake haukupungua kwa sababu hiyo.

Kurudi, na safari ya mwisho

Amin aliangushwa Aprili 1979, na Kivengere akarudi Kabale mwaka huohuo. Alikuta nchi imebomoka na watu wengi wanatafuta wa kulipiza kisasi kwake. Aliitumia nguvu iliyobaki kuhubiri upatanisho na kuwatafutia msaada wakimbizi, wajane na yatima. Desemba 1983 aliwaweka wanawake watatu kuwa makasisi, hatua ambayo wengi katika kanisa lake walikuwa hawajawa tayari kuichukua. Ugonjwa wa saratani ya damu ulipomshika alitibiwa Nairobi, na hapa ndipo alipomaliza mwendo. Alizikwa nyumbani Kabale.

Idi Amin naye alikufa Saudi Arabia tarehe 16 Agosti 2003, miaka 15 baadaye. Hakushtakiwa mahakamani wala hakuomba radhi. Kama Kivengere angengoja kuombwa msamaha ndipo asamehe, angekufa na uchungu wake.

Na sisi wa Eastlands?

Waganda wengi waliokimbia miaka ile walifika Nairobi, na baadhi wakawa walimu katika shule za Kenya. Wazazi wetu walisoma mbele yao. Hivyo habari hii imewahi kupita katika mitaa yetu.

Nasi tuna ya kwetu. Mapema mwaka wa 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Mathare, Huruma na Dandora, majirani walifungiana milango. Kuna waliohama usiku, na kuna walioona vitu vyao vikibebwa na watu wanaowajua. Baadhi yao huketi leo kanisa moja na kupokea ushirika katika meza moja. Kuwaambia wasahau ni kuwaongezea mzigo. Maisha ya Kivengere yanawapa njia nyingine: kutaja lililotendeka jinsi lilivyo, kisha kumkabidhi Mungu mtu aliyelitenda.

Njia hiyo inawahusu pia walio na majeraha ambayo hayakuonekana na mtu. Mama anayepigwa nyumbani hajakatazwa na msalaba kwenda kwa jirani, kwa mchungaji au kwa chifu. Anaweza kumsamehe mumewe akiwa mahali salama. Mwanachama aliyeibiwa pesa za chama anaweza kusamehe na bado akadai hesabu. Barua ya maaskofu ilitangulia kifo cha Luwum kwa siku 6, na waliitia sahihi watu waliokuwa wakimwombea Amin kila Jumapili.

Halafu kuna yale madogo ya kwaya, ambayo kila kwaya ya Eastlands inayajua. Nani aliimba solo wakati wa mashindano, nani hakumaliza kulipa sare, nani alisema nini kuhusu nani katika basi tukirudi kutoka mkutano. Kwa mambo kama hayo watu wameondoka katika kundi la simu saa 4 usiku, na sauti nzima ya alto ikakosekana Jumapili. Ni mambo madogo kweli. Lakini ndiyo baiskeli na jiko letu. Asiyeweza kumwendea mwenzake wa safu ya pili kwa ajili ya neno moja hatakuwa na nguvu siku litakapomfika kubwa.

Kwa hiyo, wapendwa, kabla ya ibada ya shukrani ya Jubilii, kutakuwa na nusu saa ya kimya katika ratiba, kati ya mazoezi ya mwisho na maandamano ya kuingia kanisani. Kamati haijapanga lolote kwa muda huo. Mwenye mtu wa kumwendea, amwendee. Wa mbali, apigiwe simu. Na ambaye hawezi kufikiwa, au hafai kukaribiwa, aombewe kwa jina lake.

Kisha tutaingia tukiimba. Mungu aibariki kwaya yetu, na atupe neema aliyompa mtumishi wake Festo.

Kwa niaba ya kwaya,
Katibu